Matone ya aleji ya macho: kromoglikati haifanyi kazi, au tunaitumia vibaya?

Rafu_ya_Arua
Habari zenu. Kiangazi kimeanza, vumbi la barabara ya marram limefika mpaka kwenye rafu, na wateja wa macho hawaishi. Leo ni mama mwenye kijana wa miaka 9. Macho yote mawili yanawasha, anafikicha kutwa, ana matongotongo meupe yanayovutika kama uzi. Hana maumivu na anaona vizuri. Alianzishiwa kromoglikati 2%, baada ya siku tatu mama karudi: "Haya ni maji tu, nipe ile ya nguvu." Anataka deksamethasoni, matone ya steroidi, kwa kuwa jirani aliitumia macho yakatakata usiku mmoja. Nimekataa kumpa. Olopatadini 0.1% ninayo, ila ni ghali zaidi. Inazidi nini hasa?

Mfamasia_Mbale
Ndugu, umefanya vizuri kumnyima. Dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Ndani ya utando wa jicho kuna seli zenye akiba ya histamini. Vumbi au chavua ikizigusa, zinaimwaga, ndipo jicho linawasha na kuvimba. Kromoglikati inazizuia zisimwage, lakini histamini iliyokwisha kumwagika haiigusi. Ndiyo maana siku tatu hazitoshi: tone moja kila jicho mara 4 kwa siku, bila kuruka, siku kadhaa hadi wiki mbili ndipo unaona tofauti. Anayeitia pale tu jicho linapowasha anapoteza pesa zake.

Olopatadini inafanya yote mawili: inaifungia histamini mlango na pia inatuliza zile seli. Muwasho unapungua ndani ya dakika chache. Dozi ya 0.1% ni tone moja mara 2 kwa siku, kuanzia miaka 3. Ketotifeni 0.025% ni hivyohivyo, ila inachoma kidogo mwanzoni. Mwambie mama mapema, la sivyo atasema dawa imeharibika.

Kabla ya kusema ni ghali, hesabu matone. Chupa ya 5 ml ina takriban matone 100 au zaidi kidogo. Macho mawili mara 2 ni matone 4 kwa siku, kwa hiyo chupa inakaribia mwezi. Ikiisha kwa siku kumi, kuna mtu anamimina. Jicho halibebi hata tone moja zima, la pili linaishia shavuni.

Na yale matone ya kung'arisha macho, yenye nafazolini, usimpe. Yanabana mishipa tu, na yakizoeleka wekundu unarudi mkali kuliko mwanzo.

Afisa_Macho_Soroti
Nakubaliana, ila mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye matongotongo ya uzi, mimi simwiti "aleji" nikamaliza. Mwambie aangalie chini, ugeuze kope la juu. Ukikuta vinundu vilivyopangana kama mawe ya sakafu, au ukingo wa weusi wa jicho umevimba kama ute wa kahawia wenye vidoa vyeupe, hiyo ni aleji sugu ya watoto. Inarudi kila msimu kwa miaka, na matone pekee huenda yasitoshe. Apelekwe kwenye kliniki ya macho.

Anayekimbia mwanga, mwenye maumivu, doa jeupe kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho) au uoni uliopungua, apelekwe leo leo, asingoje chupa iishe. Vinundu vile vinasugua konea mpaka kinatoka kidonda. Kufikicha nako si jambo dogo: kwa miaka kunaweza kuifanya konea ichongoke.

Steroidi zina nafasi yake, tena kubwa, lakini mkononi mwa anayepima presha ya jicho. Kwa watoto wengine presha inapanda ndani ya wiki chache bila dalili yoyote, na jicho linaonekana jeupe na zuri huku glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, inakula mshipa wa fahamu wa kuonea. Mtoto wa jicho naye yumo. Hilo ndilo ambalo jirani hakumwambia mama.

Rafu_ya_Arua
Asante, daktari. Kope nimeligeuza: laini, halina vinundu. Nampa olopatadini. Nimfundishe vipi? Anasema mtoto anapepesa, dawa yote inatoka.

Mfamasia_Mbale
Alale chali, afumbe macho. Tone liangukie kwenye kona ya ndani, karibu na pua, kisha afumbue: litaingia lenyewe. Afumbe tena dakika moja au mbili huku mama akibonyeza kona hiyo kwa kidole, dawa isishuke puani. Ncha ya chupa isiguse kope. Kama kuna matone mengine, yasubiri dakika 5. Mama aandike tarehe ya kufungua kwenye chupa na kuitupa baada ya siku 28. Chini ya bati mchana ni joto mno. Chupa ikae ndani ya kikombe karibu na mtungi wa maji. Muwasho ukizidi, kitambaa safi cha maji baridi dakika 5 hadi 10 badala ya kufikicha. Maziwa ya mama na maji ya majani visiingie jichoni kabisa.

Rafu_ya_Arua
Na kromoglikati aliyoifungua siku tatu zilizopita?

Mfamasia_Mbale
Asiitupe, ila asizichanganye sasa. Muwasho ukishatulia, akikosa pesa ya chupa ya pili ya olopatadini na zile siku 28 hazijaisha, arudi kwayo, mara 4, kila siku.