Familia ya Ngamiani: vyumba vya Mama

Salim: Assalam aleikum wote. Mama, shikamoo. Nasikia unatoa mizigo vyumba vya kushoto. Unapangisha?

Mama: Waaleikum salaam. Marahaba. Aliyekwambia angekuja kuniuliza mimi, tunapakana ukuta. Sipangishi. Bi Rukia na Mwalimu wanahamia kwangu baada ya Idi.

Zuhura: Kuhamia kabisa?? 😳

Mama: Kabisa. Rukia mjane, Mwalimu hakujaaliwa mtoto. Kila mmoja anakula na redio. Na mimi hivyo hivyo.

Salim: Watu watasema tumekutupa. Si nilikwambia uje Dar?

Mama: Nilikuja. Nikashinda na televisheni mpaka saa tatu usiku mnaporudi. Mpaka naondoka sijui jirani yako anaitwa nani.

Mwanaidi: Kaka, jibu hilo 😂

Khamis London: Mama mkubwa shikamoo. Huku Barnet wapo akina mama wamefanya kama wewe. Panaitwa New Ground, fleti 25, wanawake watupu, miaka 50 kwenda juu. Kila mtu na mlango wake, ila bustani moja na ukumbi mmoja, na wanapaendesha wenyewe. Waliingia 2016. Tangu waanze kulizungumza ilikuwa karibu miaka 18!

Mama: Marahaba mwanangu. Miaka 18 mimi nitaitoa wapi? Nyumba yangu imeshasimama.

Zuhura: Na kweli. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Babu alikaa humo na wapangaji miaka yote, nani alisema katupwa?

Mwanaidi: LUKU je?

Mama: Tunachanga sawa, na maji pia. Mchana kila mtu na sufuria yake, usiku sinia moja. Mwalimu ana pensheni, Rukia anatumiwa na mwanawe wa Muscat, mimi nina nyinyi, mkikumbuka.

Salim: Akiugua mmoja? Isije ikawa wewe ndiye nesi.

Mama: Tumeshayasema. Homa ya siku mbili tatu tunauguzana. Mtu akilazwa kitandani, nduguze wamchukue au walete wa kumwangalia. Mwana wa Rukia kakubali. Mpwa wa Mwalimu anazungukazunguka.

Zuhura: Huyo apatikane kabla Mwalimu hajahama. Na wote wawe na vitambulisho vya wazee vya matibabu, tusije kuvitafuta usiku.

Salim: Tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wanakaa kwa ridhaa yako, hawana haki kwenye nyumba. Leo mnapendana, kesho haupo, tunaanza kuvutana na wajukuu wa watu.

Mama: Andika, nitasaini. Ongeza na hili: nikitangulia mimi, wasitolewe mpaka ipite miezi sita.

Salim: Mama...

Mama: Andika, Salim.

Salim: Sita ni mingi. Mitatu.

Zuhura: Salim!

Mama: Mwaka.

Mwanaidi: 😂😂😂 Kaka kubali sita upesi

Salim: Haya, sita.

Khamis London: Choo kikoje? Bado cha kuchuchumaa?

Mama: Ndiyo, na magoti ya Rukia hayakitaki.

Zuhura: Cha kukaa nanunua mimi, na vyuma vya kushikia ukutani. Salim taa ya uani na fundi.

Salim: Namtuma Ijumaa.

Mama: Ijumaa hatupo, tuna maulidi Pangani. Aje Jumamosi, na asije na viatu vya matope.