Naomba ushauri: nitumie neno gani kwa waliovuka njaa?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Njombe. Ninaandika kwa Kiswahili masimulizi ambayo wazee wetu Wabena waliyapokea kuhusu njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji (1905–1907), baada ya majeshi ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala ya nafaka. Nikiandika “waliokoka”, msomaji wa leo hufikiria kanisani. “Walinusurika” hudokeza hatari ya mara moja, kama ajali ya basi, ilhali wazee husimulia miezi ya kuchimba mizizi porini na kuwalisha watoto kwanza, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Je, “walisalimika” linatosha, au niyaache maneno ya Kibena na kuyafafanua pembeni? Nawaomba hasa waliowahi kutafsiri masimulizi ya wazee wanishauri.