Mjadala: Tovuti ya biashara ndogo, umiliki au upange?

Mwanzisha mada
Wakuu, salamu. Kila anayeuliza atumie nini kwa tovuti ya biashara yake anajibiwa "weka WordPress, umemaliza." Mimi naona huo ni ushauri wa fundi, si wa mwenye biashara. Ni kweli WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ni ya bure na ni programu huria tangu 2003. Lakini haikai peke yake kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti): kuna PHP, lugha inayoiendesha, kuna hifadhidata, kuna kiolezo cha mwonekano, kuna plagini (programu za nyongeza) kumi na kitu, kila moja na mwandishi wake. Mwaka wa tatu, fundi akishaacha kupokea simu, nani anasasisha? Ukiwa Wix au Squarespace, kampuni zinazokupangisha tovuti, unalipa kila mwezi, seva ni shida yao. Wewe unabadilisha bei, unaweka picha, unarudi kazini. Msimamo wangu: biashara ndogo ipange, isimiliki. Nipingeni kwa hoja.

Bekapu Kila Siku
Nakupinga, mkuu. Mpangaji hana la kusema mwenye nyumba akiamua kubomoa. Umesahau zile tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara wa Google? Machi 2024 zilizimwa zote. Wageni wakawa wanapelekwa kwenye wasifu hadi Juni 10, baada ya hapo anwani ikafa. Aliyeichapa kwenye kadi zake, kadi zikawa karatasi.

Na hiyo Wix yako, ukitaka kuhama huwezi kuibeba tovuti nzima ukaiweka kwa mwenye seva mwingine. Unaanza kujenga upya. Kwa WordPress napakua hifadhidata na folda ya wp-content (yenye picha, violezo na plagini), nahamia kwingine, wateja hata hawajui.

Jumla Jumla
Pembeni kidogo ya mada: mnajua Joomla, programu nyingine ya tovuti kama WordPress, iliyoanza 2005, ilichukua jina lake kutoka neno letu "jumla"? Basi angalau moja katika hizi ni ya nyumbani. Endeleeni.

Fundi wa Usiku
Mimi kazi yangu ni kusafisha tovuti zilizoingiliwa, kwa hiyo nina upande, nakiri. Ngoja niwaonyeshe ya karibuni. Mwenye nayo anasema "mbona kwangu inafunguka vizuri?" Kweli, ukiandika anwani moja kwa moja inafunguka vizuri. Ukiitafuta kwenye Google halafu ukabofya, unatupwa kwa wauza dawa za ajabu. Wadukuzi wameipanga hivyo makusudi, mwenyewe asione. Naingia ndani: plagini 31, tisa zimezimwa lakini hazijafutwa. Kwenye folda ya uploads, mahali pa picha tu, kuna faili ya PHP imejificha katikati ya picha za bidhaa. Jina la msimamizi ni "admin".

WordPress yenyewe haikuwa na kosa. Tangu toleo la 3.7 la 2013 inajisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Mlango ulikuwa plagini ya fomu ya mawasiliano ambayo mwandishi wake aliitelekeza. Na msidhani kuna muda wa kujivuta. Oktoba 15, 2014 Drupal, programu nyingine ya aina hii, walitangaza tundu moja kubwa la usalama, na baadaye timu yao wenyewe ikasema: kama hukuziba ndani ya saa saba, chukulia umeshaingiliwa. Saa saba! Mwenye biashara ndogo muda huo yuko na wateja.

Kwa hiyo Bekapu, ukimiliki, miliki na kazi yake. Plagini tano zinatosha, futa usizotumia, bekapu (nakala ya akiba) ikae nje ya seva hiyohiyo.

Bekapu Kila Siku
Jina langu si la bure, fundi.

Kurasa Tano
Mnagombania magari wakati mtu anakwenda hatua kumi. Biashara nyingi ndogo zinahitaji kurasa tano: sisi ni nani, tunauza nini, bei, saa za kazi, simu. Zinabadilika mara mbili kwa mwaka. Tengeneza kwa Hugo (programu inayotoa kurasa zilizo tayari) au HTML tupu, hakuna hifadhidata wala mlango wa msimamizi wa kubisha.

Mwanzisha mada
Na bei ikipanda Jumamosi usiku, nimpigie nani?

Kurasa Tano
Hapo umenishika. Kama bei zako zinatembea, mfumo wenye dashibodi ni lazima.

Fundi wa Usiku
Mwanzisha mada, kabla hatujaendelea: domeini yako, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa akaunti ya nani? Kupanga jengo sawa, lakini anwani iwe yako. Nimeona mtu akihama vizuri kabisa na kila kitu chake, kisha akakuta domeini iko kwa fundi wa zamani, na fundi hapatikani. Ikiwa yako, Wix wakikukera unaielekeza kwingine tu.

Mwanzisha mada
Yangu, bila shaka. Nalipa kila mwaka.

Fundi wa Usiku
Unamlipa nani?

Mwanzisha mada
Nimerudi. Nimepekua barua pepe zangu zote. Risiti za Wix zipo, mwezi kwa mwezi. Ya domeini hakuna hata moja. Kumbe hela nilikuwa namtumia fundi kwa simu. Nampigia sasa hivi, inaita.