Mjadala: Je, sheria ilazimishe vioo vya tabaka mbili kwenye maghorofa ya Dar es Salaam?

Wadau wa ujenzi, ipo hoja inayorudiwa mara kwa mara kwamba kila ghorofa jipya la Dar es Salaam lilazimishwe kuweka vioo vya tabaka mbili, yaani vioo viwili vyenye uwazi uliozibwa kati yake, kama ilivyo kawaida Ulaya, ili kupunguza gharama za viyoyozi. Lengo naliunga mkono, lakini sharti lenyewe nalipinga.

Niliwahi kufanya kazi miaka mitatu katika ofisi iliyotazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri tulikuwa tunafunga mapazia yote na kuwasha taa, na wenzangu wawili waliokaa dirishani walikuwa wamebandika makatoni ya karatasi za fotokopi kwenye kioo. Kioo hicho kilikuwa cha tinti ya buluu, na ukikigusa kwa ndani kilichoma kiganja kama bati, kwa kuwa tinti hunyonya joto la jua kisha hulirudisha sehemu yake chumbani.

Sasa tufanye hesabu. Nje kukiwa na nyuzi 32 na ndani 24, kioo kimoja cha kawaida cha milimita 6 hupitisha wati 46 hivi kwa kila mita ya mraba kutokana na tofauti hiyo ya nyuzi 8. Jua la alasiri linapoupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja linaweza kuleta wati 600, na kioo hicho huingiza takriban asilimia 80, yaani wati 480. Ukiongeza kioo cha pili cha kawaida, zile 46 hushuka hadi 22 hivi, lakini za jua hubaki kama 420. Mwenye jengo atakuwa amelipia vioo viwili na wafanyakazi wake wataendelea kubandika makatoni.

Kinacholizuia jua ni utando mwembamba sana wa madini ya fedha, unaowekwa upande wa ndani wa uwazi kati ya vioo viwili kwa sababu ukiachwa kwenye hewa huharibika. Vioo bora vya aina hiyo huingiza chini ya asilimia 30 ya joto la jua. Kwa hiyo anayenunua aulize kwanza asilimia hiyo, na idadi ya tabaka ifuate baadaye. Hata hivyo, kivuli kinachokaa nje ya dirisha hulikata jua kabla halijagusa kioo, na majengo mengi ya mjini ya miaka ya 1950 na 1960 yalijengwa na mapezi ya zege, yaani mabamba yanayochomoza nje ya ukuta, kwa kazi hiyo hiyo.

Pendekezo langu ni kwamba sheria iweke ukomo wa joto la jua linaloruhusiwa kuingia kupitia kila upande wa jengo, kisha msanifu aamue mwenyewe kama atapunguza vioo, ataweka kivuli au atanunua vioo vyenye utando. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, hesabu yako naikubali, ila jua la magharibi huja likiwa chini, kwa hiyo kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii, na mapezi ya wima kwenye ghorofa 20 yana gharama yake ya upepo, kutu ya chumvi na usafi. Isitoshe, mkaguzi akifika eneo la ujenzi anaweza kuhesabu tabaka za kioo kwa macho. Huo ukomo wako ataupimaje?

Mleta mada:

Kuhusu jua la chini uko sahihi, na ndiyo maana ukuta wa magharibi ningeupa madirisha machache kuliko kuta nyingine zote. Kuhusu ukaguzi, vipimo vya kioo huandikwa na kiwanda, hivyo viambatanishwe na michoro wakati wa kuomba kibali, na mkaguzi alinganishe kilicholetwa na kilichoidhinishwa. Ninalohofia zaidi ni matengenezo. Kioo cha tabaka mbili hakikatwi dirishani na fundi alumini. Huagizwa kiwandani kwa kipimo chake. Naomba wasimamizi wa majengo waliomo humu watueleze: kioo kimoja kikipasuka ghorofa ya kumi, plaiwudi hukaa hapo kwa muda gani?