Naombeni ushauri: Ijumaa naenda taarabu ukumbi mdogo na sijui kutunza

Mgeni_wa_Pwani
Habari zenu wana jamvi, poleni na majukumu. Mimi kwetu Iringa nimeolewa huku Dar, taarabu nimekuwa naisikia tu kwa majirani. Sasa Ijumaa hii wifi kanikaba twende, na siyo ukumbi mkubwa wa kukaa nyuma gizani ukajificha, ni kaukumbi ka baa ya zamani, jukwaa hamna, meza chache, waimbaji wanapita katikati yenu na maiki wanakuimbia usoni kabisa. Wifi anasema kule hakuna mtazamaji, ukishaingia na wewe umo. Naombeni kujua, ni lazima niinuke nikatunze? Shilingi ngapi? Anapewa mkononi au? Na nikikaa kimya watanionaje? Usingizi sipati jamani.

Kibwebwe
Shost mbona rahisi. Chenji hela zako ziwe elfu mbili mbili, usimwage zote mara moja. Subiri kiitikio, inuka na mwendo wa kucheza siyo kama unaenda benki, noti juu watu waione, mpe mkononi au mchomeke kwenye kilemba, zunguka kidogo, rudi. Ila SIKILIZA MANENO KWANZA. Beti utakalolitunza ndo umelisema wewe. Ukiinuka kwenye beti la mwizi wa waume na jirani yako yupo meza ya pili, umeshamtukana bila kufungua mdomo.

Bin Makame
Hiyo siyo taarabu, hizo ni rusha roho. Taarabu iliingia Unguja enzi za Sultani Barghash, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, watu wamekaa kwa adabu wanasikiliza ala za kanuni na udi. Nyie mmeleta kinanda na matusi.

Kibwebwe
@Bin Makame na Siti binti Saad je? Kabla na baada ya kwenda Bombay kurekodi 1928 alikuwa anaimba mambo ya mtaani hadi kesi za mauaji, watu wanajua kabisa nani kasemwa. Msituzuge na adabu.

Mbeba_Boksi_London
Umenikumbusha mbali. 2014 hapa Tooting walicheza mchezo wa kuimba wa Sweeney Todd ndani ya duka la pai la Harrington's, duka la tangu 1908, mnaingia watu 32 tu. Ni habari ya kinyozi anachinja wateja na mama wa duka la chini anawatia kwenye pai, sasa nyie mmekaa kwenye mabenchi yale yale ya kulia pai na jamaa kapanda mezani na wembe anakuimbia puani, niliogopa hata kukohoa. Wakaja kuupeleka New York 2017, wakajenga duka la pai la bandia humo humo ukumbini. Nikasema hawa Wazungu wanalipa mapaundi kwa kitu ambacho bibi yangu Tanga anakipata kwenye harusi bure. Swali lako sijalijibu, samahani.

Mzee_wa_Kata
Binti, mke wa mtu usiku baa anatafuta nini? Mumeo yuko wapi? Ndoa za siku hizi ndo maana.

Chokochoko
Mimi nina kaswali kamoja. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya elfu mbili. Nani anaimba hiyo Ijumaa?

Mgeni_wa_Pwani
Waimbaji ni wengi tu, sijawashika majina.

Chokochoko
Dada. Nani anaimba?

Mgeni_wa_Pwani
Haya. Mmoja wapo ni mtalaka wa mume wangu. Waliachana kabla mimi sijamjua, na mtoto wao nalea mimi. Sasa ana wimbo mpya na mtaa mzima wanasema nimeimbwa mimi, wifi anasema njoo usikie mwenyewe. Na kabla hamjaanza, gauni limeshashonwa, ni sare ya meza yetu, chenji ninazo, mume nimemwambia ni kitchen party. Nisipoenda nimekimbia, nikikaa kimya nimeumia, nikimtunza nimekubali. Kwa hiyo kwenda naenda, nimeuliza namna tu.

Kibwebwe
Heee! Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Usisubiri kiitikio, mtunze wa kwanza kabisa kabla hajafika kwenye beti lako, elfu kumi, na tabasamu. Maneno yatamkwama.

Mama Ubwabwa
Mimi huyo wifi ndo simwelewi, kwa nini anataka uende? Mama yangu mdogo enzi zile za vikundi vya taarabu vya Muungano na TOT, Nasma anaimba huku Khadija Kopa kule, aligombana na shoga yake wa damu kisa kila mmoja ana upande wake, mpaka harusini hawaendeani. Na hao hata hawakuwa na mume mmoja.

Jaji_wa_Chai
Nimesoma uzi wote nimekaa paleee. Hii chai. Akaunti imefunguliwa juzi, taarabu haijui, lakini anaujua ukumbi mpaka maiki inapopita. Mnajua huyu nani? Huyu ndo MWIMBAJI mwenyewe, anatafuta kiki ya wimbo mpya ili Ijumaa mjazane kumsubiri mke mdogo na gauni lake.

Chokochoko
😂😂😂 Nimekufa.

Mgeni_wa_Pwani
Ukumbi kanielezea wifi, nimeandika hapo juu, muwe mnasoma. Ningekuwa natangaza si ningetaja bendi?

Jaji_wa_Chai
Utaitaja Alhamisi.

Mama Ubwabwa
Hata kama ni chai mimi nimeshachovya mkate. Lete mrejesho.

Mzee_wa_Kata
Tuseme ni kweli. Huo ukumbi uko upande gani? Nauliza kwa usalama wako tu.

Kibwebwe
Mzee 😂 si umesema mke wa mtu usiku baa anatafuta nini?

Mzee_wa_Kata
Mimi siyo mke wa mtu. Kiingilio bei gani?