Kiangazi porini kwa mwenye viza ya F-1

Shikamooni kaka na dada zangu. Niko mwaka wa pili, nasoma ekolojia hapa Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kila programu ya kiangazi ninayoomba, nakwama kwenye swali la uraia. Wenzangu mlipitaje?

—

Marahaba mdogo wangu. Hukukosea kujaza fomu. Nafasi za REU, yaani zile programu za utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hulipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, na fedha zile ni za raia na wenye ukazi wa kudumu. Hata uwe na A tupu, hupiti. Mimi Januari yangu nzima iliishia kwenye insha ambazo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kunichukua. Siku hizi nasoma masharti kwanza.

Kilichonitoa ni mwalimu. Wahadhiri wengine wana mafungu ya utafiti yasiyo na sharti hilo, na kiangazi wanahitaji watu wa kuhesabu miche na kupima shina za miti. Mfuate ofisini, barua pepe zao hujaa. Kazi ikiwa ya chuo chako, wakati wa likizo unaruhusiwa saa zote. Ikiwa kwenye kituo cha chuo kingine, ni CPT, ruhusa ya mwanafunzi wa F-1 kufanya kazi ya mafunzo nje ya chuo chake: uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, kazi iwe sehemu ya kozi yako, na idhini iwe imeandikwa kwenye I-20, ile hati ya uanafunzi unayopewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza. Mwenyeji wako akikwambia "anza tu, karatasi zitafuata", kataa.

—

Ya karatasi yamekwisha, mimi naleta kupe. Wiki ya kwanza msituni nilisugua doa la tope nyuma ya goti mara tatu. Mara ya nne doa likatoa miguu! Wale wachanga wanaoeneza ugonjwa wa Lyme ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Chomeka suruali ndani ya soksi, na permethrin, dawa ya kuua kupe, pulizia nguo, usipake ngozini. Kila jioni jikague kwapani, kinenani na kwenye nywele, maana kwa kawaida kupe huhitaji zaidi ya saa 24 akiwa amekung'ang'ania ndipo akuambukize Lyme. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima. Habari za kumpaka mafuta achana nazo.

—

Asanteni sana. Dada, hilo doa lenye miguu limeninyima usingizi. Kesho saa nne niko mlangoni kwa mwalimu wa botania.