Msaada: Hilux ya petroli inamisi ikiwa na mzigo, nishushe injini?

Nanasi la Kiwangwa (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Nina Hilux ya petroli, cc 2,700, injini 2TR, plagi nne na kila plagi na koili yake ya kuipa umeme wa cheche. Kazi yake ni mananasi, Kiwangwa hadi soko la Mabibo, mara tatu kwa wiki.

Sasa wiki mbili hizi inamisi, yaani kuna silinda inaruka bila kuchoma mafuta. Asubuhi ukipiga stata mara moja imewaka, inanguruma vizuri kabisa. Zikipita dakika tatu nne inaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikiwa tupu inavumilika. Ikiwa na matenga, nikipanda daraja la juu la Ubungo inashtukashtuka, taa ya injini inapepesa, bodaboda wananipigia honi huku wanacheka.

Fundi wangu kaisikiliza kwa sikio akasema ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini niweke ya mtumba. Naomba kujua: injini nzuri ya mtumba Ilala naipata kwa nani, na bei isizidi ngapi? Naomba kuwasilisha.

Ndimu Kavu
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Mama Vitenge
Pole kaka. Uliosha injini? Mimi kijana wa kuosha magari aliipiga injini yangu maji ya presha, yakatuama kwenye mashimo ya plagi, gari likaja kunizimikia Tabata saa mbili usiku na watoto ndani. Fundi alitoa koili, akapuliza kwa upepo, akanitoza elfu kumi. Tangu siku hiyo anayegusa boneti yangu na maji tunakosana.

Nanasi la Kiwangwa
Sijaosha dada.

Koplo Mstaafu
Vijana mnadeka. Sisi tuliendesha Land Rover 109 ya petroli, ikimisi unafungua distribyuta, unakwangua platini kwa msasa, safari inaendelea. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 tulikuwa tunalala Ndundu kusubiri kivuko cha Rufiji. Siku moja mvua imenyesha, waya za plagi zimelowa, bosi yuko nyuma ananung'unika. Nikavua soksi zangu, nikafuta waya moja moja. Ikawaka. Bosi hakusema asante mpaka Kilwa.

Ndimu Kavu
Shikamoo mzee. Soksi zilikuwa kavu kweli?

Mzee wa Spana
Kijana, umeuliza dawa na ugonjwa hujausema. Ringi zikiisha, gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Tena lingesumbua asubuhi likiwa la baridi, lisingesubiri dakika tatu ndipo likumbuke kuwa limechoka. Oili inapungua? Mashine ya kupimia ilisoma nini? Na kitu gani kwenye hilo gari kinabadilika baada ya hizo dakika tatu?

Halafu taa ikipepesa usibebe mzigo. Mafuta ambayo hayajaungua kwenye silinda yanakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na ikishayeyuka hiyo utauza nanasi mpaka Krismasi.

Nanasi la Kiwangwa
Moshi hakuna, oili haipungui. Mashine ilitoa kodi P0300 na P0303, fundi akasema hizo mashine zinadanganya. Ila wakuu, swali langu ni la injini ya mtumba.

Ndimu Kavu
Kodi tena? Ya mwenye nyumba bado sijalipa.

Mzee wa Spana
P0303 ni silinda ya tatu inamisi, P0300 ni kumisi kunakohamahama. Chukua spana namba 10, toa koili ya tatu, ihamishie ya kwanza na ya kwanza ikae kwa ya tatu. Futa kodi, endesha. Ikija P0301, mwizi umemkamata na ni koili. Ikibaki P0303, hamisha plagi, kisha angalia nozeli inayopuliza mafuta, mwisho kabisa ndiyo upime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fundi anayetaja ringi bila kupima kompresheni anakupigia ramli.

Swali langu la tatu umeliruka.

Nanasi la Kiwangwa
Hakuna kinachobadilika mzee. Ni gari tu linapata moto.

Chuma Chakavu
Mkuu, umefunga gesi?

Chuma Chakavu
Masaa sita. Nakuona uko hewani, umejibu hadi uzi wa Simba na Yanga.

Nanasi la Kiwangwa
Ndiyo, nimefunga, unaingia mwezi wa tatu. Sikusema kwa sababu haihusiki, mwanzoni ilienda vizuri mno. Na wakuu msinihukumu, nilikuwa nateketeza hela ya petroli mpaka faida ya mananasi siioni. Kuna kijana anafunga uani kwake, alinipunguzia laki sita kuliko karakana zile kubwa. Mtungi upo kwenye bodi nyuma ya kabini.

Binti Bahari
Subhanallah! Mtungi wa jikoni nyuma ya kichwa chako! Pesa mnaipenda kuliko roho zenu. Una mke wewe?

Chuma Chakavu
Dada, hiyo siyo ya jikoni. Ya jikoni inakuwa kimiminika ndani ya mtungi na ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Hii ya magari ni gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, inashindiliwa mpaka bar 200 na ikivuja inapaa. Mtungi wake mnene si mchezo. Ila kufungwa uani na mtu asiye na karatasi, hapo nakuunga mkono.

Mzee wa Spana
Sasa tunaongea. Hizo dakika tatu nimezipata. Mfumo wa gesi unawasha kwa petroli, injini ikipata joto ndipo unahamia kwenye gesi wenyewe. Kwa hiyo asubuhi unachokisifia ni petroli, baadaye unachokilaumu ni gesi.

Gesi asilia inataka cheche kali kuliko petroli. Plagi iliyolika ikapanuka mwanya, au koili iliyochoka, petroli itaivumilia. Gesi haivumilii, hasa ukikanyaga na mzigo, kwa sababu mgandamizo unapanda na cheche inashindwa kuruka. Plagi ulibadilisha lini?

Jaribu hivi: zima swichi ya gesi, panda Ubungo kwa petroli tupu. Na tangi la petroli usiliache na vijiko viwili, petroli ndiyo inayoipoza pampu iliyo ndani yake. Watu wa gesi wanaunguza pampu kila siku kisha wanasema wamerogwa.

Nanasi la Kiwangwa
Plagi ni zile nilizolikuta nazo. Nashukuru mzee, nitajaribu. Ila sioni kama nitaepuka kubadilisha injini, maana Ilala nimeshaacha laki nane ya kishika uchumba.

Mama Vitenge
Kumbe ulikuja kuomba baraka, siyo ushauri.

Jicho la Kijiweni
Wakuu simameni hapo hapo. Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Mwezi wa tatu: "Mtaji wa milioni mbili, nichukue bodaboda au nifuge kuku?" Leo ana Hilux ya 2TR, mtungi wa gesi na laki nane ya kumwaga Ilala. Hizo kuku zilitaga magari?

Ndimu Kavu
Chai. Tena haina hata tangawizi. Weka picha ya boneti ikiwa wazi na tarehe kwenye karatasi.

Koplo Mstaafu
Yaani nimetoa siri ya soksi zangu kwa mtu wa kubuni?

Binti Bahari
Nilijua. Mwanaume mwenye gari lake angejua plagi zina umri gani.

Mzee wa Spana
Mimi hata iwe chai, P0303 ni silinda ya tatu. Atakayesoma mwakani atafaidika.

Nanasi la Kiwangwa
Siyo chai. Gari siyo langu. Ni la baba mkwe. Yuko Songea tangu mwezi wa sita kwenye mambo ya ukoo, akaniachia funguo nimsukumie biashara, hesabu namtumia kila Jumapili. Gesi nilifunga bila kumwambia ili hesabu inenepe. Ilipoanza kumisi nikaona niweke injini nyingine kimyakimya kabla hajarudi. Naombeni msinitukane, mke wangu naye hajui.

Chuma Chakavu
Ulitaka kubadilisha injini ya mkwe kimyakimya wakati namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari?

Binti Bahari
Mpigie mzee wa watu simu leo. Salimia, tulia, sema.

Jicho la Kijiweni
Nafuta kauli ya kuku. Hii ni kubwa kuliko chai.

Nanasi la Kiwangwa
Mrejesho. Kwa petroli tupu imepanda Ubungo na matenga yote, kimya. Nikahamisha koili kama mzee alivyoelekeza, nikarudisha gesi, mashine ikasoma P0301. Plagi nilipozitoa, tatu mwanya umepanuka mpaka kipimo cha milimita 1.3 kinapita bila kugusa, ya nne ni ya aina tofauti kabisa. Nimeweka koili mpya moja na plagi nne, mwanya tumeubana kidogo. Leo safari mbili, haijashtuka. Yule wa Ilala hela harudishi, anasema nichukue giaboksi badala yake.

Mzee wa Spana
Vizuri. Sasa mtungi na mabomba yakakaguliwe na watu wanaotoa karatasi. Na giaboksi usichukue.

Mama Vitenge
Na mkwe?

Nanasi la Kiwangwa
Anaingia Jumamosi na basi la asubuhi. Nitamwambia, lakini apumzike kwanza. Mtungi nimeufunika turubai, juu nimepanga matenga.

Koplo Mstaafu
Na ile swichi ya gesi kwenye dashibodi, umeifunika na nini?